Pesa ya damu ya mume wangu ni ya nani?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mjane, naishi Mumias. Mume wangu alikuwa mtu wa bodaboda. Miezi miwili iliyopita lori lilimgonga kwenye barabara ya kwenda Bungoma, akafa papo hapo. Ameniachia mvulana mmoja na wasichana wawili, wa mwisho ana miaka miwili, na mama yake mzazi yu hai. Shemeji zangu walikaa na mwenye lori, wakapokea laki mbili na kutia sahihi kwamba mambo yameisha. Walichinja ng'ombe wa matanga kwa pesa hiyo, iliyobaki anayo shemeji mkubwa. Nikiuliza, naambiwa pesa ya damu ni ya ukoo, mwanamke haigusi. Mzee mmoja msikitini naye anasema kwenda kortini ni kukataa kadari ya Mwenyezi Mungu. Nami bado niko kwenye eda. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykumus-salaam warahmatullah, dada yangu. Mwenyezi Mungu amrehemu mumeo, akupe subira wewe na watoto.

Nianze na huyo mzee, kwa maana neno lake linafunga midomo ya wajane wengi. Kila kifo ni kadari. Na Mola huyohuyo aliyekadiria ndiye aliyeteremsha aya ya 92 ya Suratun-Nisaa: anayemuua Muumini kwa kukosea atoe kafara, na diya, yaani pesa ya damu, ifikishwe kwa jamaa wa marehemu, ila wenyewe wakisamehe kwa kutoa sadaka. Kama kudai kungekuwa ni kupinga kadari, aya hii isingeteremka. Kusamehe kuna fadhila kubwa, lakini anasamehe mwenye haki. Hasamehewi mtu kwa haki ya mwenzake.

Hapo ndipo tunafika kwa shemeji zako. Wanalolisema si jipya, na hata mtu mkubwa kuliko sisi sote aliwahi kuliona hivyo. Sayyidna Umar bin Khattab, Mwenyezi Mungu amridhie, alikuwa akisema diya ni ya ukoo, kwa sababu ukoo ndio hubeba mzigo wa kuilipa mtu wao anapoua kwa kukosea; basi mke harithi chochote katika diya ya mumewe. Akasimama Dhahhak bin Sufyan akamwambia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwandikia amrithishe mke wa Ashyam Adh-Dhibabi kutoka kwenye diya ya mumewe. Umar aliiacha rai yake palepale. Hadithi hii imo katika Sunan za Abu Dawud na Tirmidhi. Khalifa alirudi nyuma mbele ya haki ya mjane mmoja. Shemeji wa Mumias ana hoja gani zaidi ya Umar?

Diya basi ni mali ya marehemu, hugawanywa kama mirathi. Kwanza hutolewa madeni. Kama pikipiki ilikuwa ya mkopo, deni hilo limo. Mahari yako pia, ikiwa hakuimaliza, ni deni juu yake. Usione haya kuitaja. Tuseme baada ya madeni zimebaki shilingi 240,000. Wewe una thumni, yaani sehemu moja ya nane, 30,000. Mama mkwe ana sudusi, yaani sehemu moja ya sita, 40,000. Zilizobaki 170,000 ni za watoto: mvulana 85,000, kila msichana 42,500. Ndugu wa marehemu hawana kitu, kwa kuwa mtoto wa kiume amewazuia.

Na huyo ng'ombe, dada yangu, ndiye anayeniuma zaidi. Alipouawa Jaafar bin Abi Talib, Mtume aliwaambia watu wawapikie jamaa zake, kwa sababu wamefikwa na la kuwashughulisha. Majirani ndio huwalisha wafiwa. Sisi huku Magharibi mwa Kenya tumepindua: tunakula kwa wafiwa, tena kwa fungu la mtoto wa miaka miwili asiyeweza kusema sijatoa. Aya ya 10 ya sura hiyohiyo inasema wanaokula mali ya yatima kwa dhuluma wanakula moto matumboni mwao. Shemeji zako wanadaiwa thamani ya ng'ombe yule.

Sahihi waliyotia inawafunga wao, haiwafungi watoto wako. Hata wewe mama yao huwezi kulisamehe fungu la yatima.

Sasa la korti. Mahakama ya Kadhi, kwa kifungu cha 170 cha Katiba, husikiliza hali ya Muislamu, ndoa, talaka na mirathi. Madai ya fidia dhidi ya mwenye lori huenda kwa hakimu wa kawaida. Sheria yetu ya ajali za vifo inawataja wanaofidiwa: mke au mume, wazazi na watoto. Ndugu hawamo. Una miaka 3 tangu siku ya kifo, lakini usingoje. Tafuta ripoti ya polisi, cheti cha kifo na hati ya mahakama ya kusimamia mali ya marehemu. Laki mbili zile zitajwe wazi, zisifichwe.

Wakili atakuuliza mumeo alipata ngapi kwa siku. Sema kweli. Usikubali kuandikiwa mapato ya uongo wala mtegemezi asiyekuwapo. Mtu wa bodaboda hana karatasi ya mshahara, na hilo halikuvunji: mwaka 2005 Mahakama ya Rufani ilisema hati si njia pekee ya kuthibitisha mapato, kwani Wakenya wengi hawaweki kumbukumbu. Wenzake wa steji wanaweza kushuhudia.

Korti itatoa mafungu mawili. Moja ni la kupotelewa na mlezi, kila mmoja kwa kadiri alivyomtegemea. Naona hilo ni la aliyepewa. La pili ni la mali ya marehemu, nalo hugawanywa kwa mirathi kama nilivyoeleza. Wapo wanazuoni wanaoyaunganisha yote kuwa diya. Mkihitilafiana, Kadhi awaamue.

Eda yako ni miezi minne na siku kumi, au kujifungua kama u mjamzito. Ulale nyumbani, lakini mchana unaruhusiwa kutoka kwa haja kama kituo cha polisi, wakili au korti. Asikuzuie mtu kwa jina la eda huku siku zinakwenda.

Kabla ya yote hayo mwambie shemeji mkubwa aje na kilichobaki, pamoja na ile karatasi aliyotia sahihi. Imamu wa msikiti wenu awepo, na mama mkwe asiachwe nyuma, maana hata yeye amenyimwa sudusi yake na wanawe. Wakikubali kuniita, nitatoka Kisumu nije.