Zabibu nyeusi tii, sio fofofo

SWALI: Habari dada mhariri, mi nauza zabibu hapa soko la Majengo Dodoma, kuna mteja wangu Mchina anajifunza Kiswahili, juzi kashika kichala akasema "nyeusi fofofo" watu wakacheka mpaka akaona aibu. Nimueleweshe vipi?

JIBU: Kwanza mpe pole, hakustahili kuchekwa kabisa, mtu aliyefika kwenye fofofo ameshajifunza sana huyo. Ila fofofo ni ya kulala, au kufa. Nyeusi ni tii, nyeupe pee, nyekundu ndu, giza totoro, kimya jii, ukinyeshewa umelowa chepechepe, yaani kila neno lina mwenzie na halimwachi. Kwao "hen", yaani sana, inakaa mbele ya sifa karibu yoyote, iwe zuri iwe refu, ndo maana anadhani na zetu zinahamahama. Lakini wanayo "xuebai", nyeupe kama theluji, na theluji huwezi kuipeleka kwenye weusi, mkumbushe hiyo ataelewa chap.

Zinazohama ni kinoma na ile mbaya. Tamu kinoma, baridi ile mbaya. Atashangaa kitu kitamu kinaitwaje kibaya, mwambie si hata wao wanasema "haochi si le", kitamu mpaka kufa? Kwa wazee lakini atumie sana au mno, nakuomba ulisisitize hilo, kinoma aiache kijiweni.

Akija tena mpe kichala kama kilekile, aseme nyeusi tii, na hiyo i aivute.