Springi zimekazwa mpaka mwisho, sasa abiria anarushwa: nifanyeje?

Swali: Habari fundi. Nina Boxer 150, nafanya bodaboda Morogoro. Wateja walikuwa wanalalamika kwamba nyuma panagonga kwenye mashimo. Fundi wa mtaani akakaza springi zote mbili mpaka ngazi ya mwisho. Kugonga kumepungua, lakini sasa hata kwenye tuta dogo abiria anarushwa. Ninunue shokapu mpya?

Jibu: Usinunue kwanza. Ile pete yenye ngazi iliyoko kwenye springi haiifanyi springi kuwa ngumu zaidi. Kazi yake ni kuibana kabla haijapokea uzito, na matokeo yake nyuma ya pikipiki inainuka. Ikiinuka kupita kiasi, gurudumu linakosa nafasi ya kushuka linapofika kwenye shimo. Shokapu inagota upande wa juu, na likija tuta, springi iliyobanwa inaisukuma siti kwa nguvu. Abiria amekaa karibu juu kabisa ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo teke lote analipata yeye. Wewe uliyekaa katikati unaweza usihisi kitu, ndiyo maana malalamiko ya wateja yanastahili kuaminiwa.

Kabla ya kushika spana, pima upepo asubuhi, tairi likiwa bado baridi. Kwa pikipiki za daraja hili kiwango cha kawaida ni psi 25 mbele, na nyuma 28 ukiwa peke yako au 32 ukiwa na abiria. Linganisha na kitabu cha pikipiki yako. Madereva wengi hujaza 40 na zaidi wakiogopa pancha. Tairi likiwa gumu hivyo, kila kokoto inafika kwenye siti, na hakuna shokapu itakayoficha hilo.

Sasa pima jinsi nyuma inavyozama. Weka pikipiki kwenye stendi kubwa, gurudumu la nyuma lining'inie. Bandika kipande cha tepu kwenye kava la nyuma, wima juu ya nati ya ekseli, kisha pima kutoka nati hadi tepu. Tuseme umepata milimita 560. Shusha pikipiki, panda wewe pamoja na mtu mwenye uzito wa mteja wa kawaida, miguu yenu ikiwa kwenye vikanyagio. Mmoja ashike usukani, mwingine abonyeze nyuma mara mbili tatu, aiache itulie, halafu apime tena. Akipata 527, imezama milimita 33, na hapo ni pazuri. Gurudumu la nyuma la pikipiki hizi lina mwendo wa takriban milimita 100, na mnapokuwa wawili inafaa theluthi moja hivi iwe imetumika, yaani 30 hadi 40. Ikizama chini ya 25, springi zimekazwa mno. Ikizidi 45, zimelegea na zitagonga.

Kurekebisha, rudi kwenye stendi kubwa. Safisha matope kwenye pete, dondoshea oili, tumia spana ya ndoano. Patasi na nyundo huvunja meno ya pete. Legeza ngazi moja, upande wa pili vilevile, kisha pima upya. Ngazi za kulia na kushoto lazima zilingane. Zikitofautiana, mkono wa gurudumu unapindwa, bushi zinaliwa na pikipiki inayumba kwenye kona. Kwa abiria mmoja, mara nyingi ngazi ya pili au ya tatu inatosha. Usitafute ngazi ya kubebea mshikaki, kwa sababu shokapu hizi zilipimwa kwa watu wawili.

Ikiwa hata kwenye ngazi ya mwisho inazama zaidi ya 45 mkiwa wawili, springi zimechoka. Kama kipimo ni kizuri lakini bado inarusha, bonyeza nyuma kwa nguvu uachie ghafla. Inatakiwa ipande mara moja na itulie. Ikicheza mara mbili au tatu, au ukiona oili imetiririka kwenye fimbo ya shokapu, kinachopunguza kasi ya springi ndani kimekufa. Hapo ndipo pa kununua, na ununue jozi. Kuchoma shokapu kwa welding na kuijaza oili nzito ya injini ni kupoteza pesa: inakuwa ngumu kama chuma, kisha sili inapasuka.

Kagua pia sponji ya siti. Iliyolala haifufuki. Mwambie fundi siti aweke sponji iliyoshindiliwa chini na laini ya sentimita 2 juu. Laini tupu inabonyea mpaka abiria anakalia bati.

Ukimaliza, pima ulegevu wa cheni abiria akiwa amepanda, maana nyuma ikizama cheni hukaza. Usiku angalia taa ya mbele: nyuma ikishuka, mwanga unapanda na kuwaumiza macho wanaokuja mbele yako, kwa hiyo iinamishe kidogo.