Betri ya simu imevimba: sindano iache

Swali: Shikamoo fundi. Simu yangu ina miaka mitatu, betri imevimba hadi imeinua kioo. Kijana mmoja hapa Ngamiani anasema aitoboe kwa sindano hewa itoke, aizibe kwa gundi, na tangu hapo niwe naimaliza chaji mpaka izime ndipo nichaji. Itapona? – Msomaji, Makorora, Tanga

Jibu: Marahaba, mwanangu. Haiponi, na huyo asiiguse simu yako.

Anachokiita hewa ni gesi, na sehemu yake inashika moto. Imetokana na kuharibika kwa kimiminika cha ndani: uzee, joto, au chaja mbovu. Humo ndani karatasi ya shaba na ya alumini zimekunjwa pamoja, zimetengwa na utando wa plastiki wa mikromita 20 hivi, mwembamba kuliko unywele. Sindano ikipita hapo, pande mbili zinagusana, umeme wote unatoka kwa mkupuo na betri inawaka mkononi. Akibahatika kutoboa pembeni, ameingiza unyevu, na Tanga unyevu si wa kutafuta: chumvi ya lithiamu ikikutana nao hutoa hidrojeni floridi, inayounguza macho na mapafu. Gundi itasaidia nini hapo? Hawa mafundi wa sindano wananichosha.

Hilo la kumaliza chaji ni elimu ya betri nyingine. Simu ya Motorola DynaTAC ya 1983 ilitumia nikeli na kadmiamu: saa 10 za kuchaji kwa nusu saa ya maongezi, na betri za namna hiyo zilitakiwa kumalizwa. Betri ya lithiamu-ioni kama yako, iliyoingia sokoni na Sony mwaka 1991, haitaki hivyo. Ichaji ikifika asilimia 20 au hata 40. Ikikaa miezi bila chaji, volti zikashuka mno, shaba huanza kuyeyuka ndani. Anayekuja "kuiamsha" kwa kuishtua na chaja anatengeneza moto wa kesho.

Sasa zima simu, usiichaji tena. Fundi wa kweli aing'oe betri bila bisibisi ya chuma. Gundi iliyoishikilia hulainishwa kwa matone ya spiriti. Bandika solotepu kwenye ncha za umeme, iweke ndani ya kopo la chuma lenye mchanga mkavu, nje ya nyumba, kivulini. Mchanga wa ufukweni hapana, una chumvi na unyevu, unapitisha umeme. Betri mpya ilingane namba na ya zamani. Yenye umbo lilelile lakini imeandikwa mAh (kipimo cha chaji inayobeba) maradufu ni uongo mtupu.

Wala usiitupe jalalani. Jalala likichomwa betri hulipuka, na wanaochoma nyaya na bodi kutafuta shaba ndio wabaya zaidi: plastiki ya waya ina klorini, moshi wake una sumu ya dioksini, na solda ya simu za zamani ina metali ya risasi, ile ambayo Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye vifaa vipya Julai 2006. Risasi haiungui ikaisha. Inabaki kwenye majivu, masika inayashusha visimani. Kwa hiyo mnunuzi wa skrepa akigonga hodi kuulizia simu mbovu, mwombe kwanza kibali cha NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa. Asiye nacho usimpe hata chaja.