Mbona namba ya toleo haisogei? Maswali yenu ya pakeji za seva

Kaka, mkaguzi kaja ofisini na skana yake ya usalama, anasema OpenSSH yetu (programu ya kuingilia seva kwa mbali) ya 9.2 kwenye mfumo wa Debian 12 ni ya zamani na ina tundu la kiusalama. Kila siku napiga apt upgrade (amri ya kuapdeti pakeji) na namba ni ile ile. Nishushe mpya mwenyewe?

Usiguse kabisa. Debian 12 ilitoka Juni 2023 ikiwa na 9.2 na itazeeka nayo, ndo utaratibu wao. Tundu likitokea, mfano lile la Julai 2024 walilolibatiza regreSSHion, namba yake ya usajili CVE-2024-6387, mtunza pakeji wa Debian habebi toleo jipya zima zima, anachomoa kile kipande cha kodi (si ya TRA hii) kinachoziba tundu anakishonea kwenye 9.2 hiyo hiyo, ili vitu vyako vingine visivurugike. We angalia mkia wa namba: kiraka cha lile tundu kilikuja na 9.2p1-2+deb12u3. Skana nyingi zinasoma 9.2 tu halafu zinapiga yowe. Piga apt changelog openssh-server, tafuta hiyo CVE, printi huo mstari mpe mkaguzi na chai. Ukishusha yako mwenyewe toka nje, kuanzia siku hiyo mtunzaji ni wewe, na tundu lijalo utalisikia kwa majirani.

Katikati ya apdeti inaniuliza Y au N kuhusu faili la mipangilio, me huwa nabonyeza tu Y iishe.

Na mimi nilikuwa hivyo hivyo mpaka siku moja kwenye intaneti kafe ya mshkaji, ikauliza kuhusu /etc/dnsmasq.conf, faili la dnsmasq, programu inayozigawia mashine IP (anwani za mtandao), nikagonga Y, faili la pakeji likakaa juu ya letu, na lile la pakeji karibu kila mstari una alama ya reli mbele yake, yaani halifanyi kitu. Kugawa IP kukafa. Mashine zilizokuwa zimewaka zikaendelea kwa muda, kila aliyewasha mpya hapati kitu, me nahangaika na nyaya saa nzima! Faili letu lilikuwa limelala pembeni tu, limeongezwa .dpkg-old mwishoni. Siku hizi nagonga D kwanza nione tofauti. Ukigonga Enta tu inachukua N, lako linabaki na lao linawekwa kama .dpkg-dist, utaliangalia ukitulia.

Nimeapdeti OpenSSL (maktaba ya usimbaji), nginx (seva ya tovuti) inayoitumia inahitaji kuzimwa na kuwashwa?

Ndio. nginx iliyopo kwenye memori bado imeshika OpenSSL ya zamani. Weka pakeji ya needrestart itakuwa inakukumbusha.

Natunza programu ndogo ya mtandao peke yangu, nimechoka. Kuna mtu simjui anajitolea kusaidia, nimpe funguo?

Pole dada. Hapa lazima nikutajie xz, programu ya kubana mafaili. Yule mtunzaji naye alikuwa amechoka, watu wakawa wanamsukuma, akatokea anayejiita Jia Tan akasaidia vizuri tu zaidi ya miaka miwili, halafu mwaka 2024 kwenye 5.6.0 na 5.6.1 akapachika mlango wa nyuma wa kuingilia sshd (OpenSSH ya upande wa seva). Aliyemnasa ni Andres Freund, kuingia kwa ssh kulichelewa kama nusu sekunde akakataa kulipuuzia, tarehe 29 Machi akatangaza. Kwenye Debian ulikuwa umefika sid na testing (matawi ya majaribio), toleo imara halikuguswa. Na sehemu ya ule ujanja ilikuwa kwenye tarball tu (kifurushi cha kodi kinachotolewa kushushwa), kwenye git (hifadhi ya kodi yenyewe) huioni.

Sasa me sisemi umfukuze, wengi wanaojitolea ni watu safi. Pokea viraka vyake, usome kila kimoja, ila kutoa toleo na kusaini ubaki navyo wewe, na tarball ifanane na git. Kama hata kusoma huwezi tena, tangaza wazi kwamba unaacha. Debian wana neno lake kabisa, pakeji inaitwa yatima, timu ya QA (ya ubora) inaishikilia mpaka apatikane wa kuilea, hakuna aibu hapo, me nishaacha mbili.