Swichi za ziada kwenye gari: pesa ipeleke nyuma ya paneli

Mtu akiniuliza anunue paneli gani ya swichi, humjibu: yoyote. Zile zenye swichi sita na vitaa vya bluu zinatofautiana zaidi kwa urembo. Pesa yako ipeleke kwenye waya, fyuzi na rilei (swichi inayoamshwa kwa umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa).

Pikapu yangu ina taa mbili za ukungu (njia ya Mbeya kwenda Tukuyu, hasa pale Isyonje, bila hizo hutoboi), pampu ya upepo na chaji ya simu. Piga hesabu kwanza. Taa mbili za wati 55 ni wati 110. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea 9 na ushee. Mzigo huo usiupitishe kwenye kiswichi cha dashibodi. Swichi iamshe rilei tu, rilei ndiyo ibebe umeme wa taa. Namba zimeandikwa kwenye rilei yenyewe: 30 inatoka betri kupitia fyuzi, 87 inakwenda kwenye taa, 86 inatoka kwenye swichi, 85 inashika bodi ya gari, yaani hasi.

Kwenye fyuzi ndipo ninapogombana na mafundi. Fyuzi kuu ikae jirani kabisa na betri, si chini ya usukani. Kazi yake ni kulinda waya, na kipande kilicho kati yake na betri hakina mlinzi: kikichubuka kwenye bati kinawaka moto. Na waya unapopenya ukuta wa injini, tundu liwekee mpira. Kwa taa hizo, waya wa milimita za mraba 2.5 na fyuzi ya ampea 15 vinatosha. Fyuzi ikikatika usiweke ya 30 eti upumzike. Tafuta shoti ilipo.

Dukani ukipewa waya wa nyumba, ule wa uzi mmoja mgumu, rudisha. Rafu za barabara zinautikisa mpaka unakatikia ndani ya plastiki, na hapo utahangaika na testa kutwa. Chukua wa magari, wenye nyuzi nyingi laini.

Swichi za taa zipe umeme wa funguo, unaokatika ukizima gari. Asubuhi za Juni na Julai huku Mbeya betri inaamka imechoka tayari. Taa zikikesha, utaomba majirani wakusukume.

Kabla ya kugusa chochote, fungua hasi ya betri. Na ninyi wa malori ya volti 24, msichukue rilei ya 12 kwa kuwa ndiyo iliyopo dukani. Koili yake, yaani waya uliosokotwa ndani unaoiamsha, itaungua.