Ndugu ametoroka wodi ya kifua kikuu: polisi wanaweza kumkamata?

Pole, ndugu. Umeuliza kama polisi wa Uingereza wanaweza kumkamata kaka yako aliyetoka hospitali bila ruhusa. Jibu liko kwenye karatasi: je, kuna amri ya hakimu? Neno la daktari "usitoke" halitoshi.

Kwa England na Wales sheria ni ile ya mwaka 1984 ya kudhibiti magonjwa, Sehemu ya 2A. (Scotland ina yake ya 2008.) Halmashauri ndiyo huomba amri, na hakimu lazima aridhike kwamba mtu huyo anaweza kuwaambukiza wengine na kwamba amri inahitajika. Kumzuilia mtu hakuzidi siku 28 kwa mara moja; zikihitajika zaidi, wanarudi mahakamani.

Amri ikiwepo naye akaondoka, kifungu cha 45O kinamruhusu polisi kumchukua na kumrudisha alikotakiwa kukaa. Soma vizuri: kumrudisha. Muda wa amri ukiisha, uwezo huo nao umekwisha. Pembeni kuna kosa la kukiuka amri bila sababu ya msingi, ambalo adhabu yake ni faini.

Watu wengi hukosea hapa: amri hiyo haimlazimishi kumeza dawa.

Basi tafuta nakala ya amri, utazame tarehe na mahali palipotajwa. Kama hamkubaliani nayo, wakili aombe mahakama iibadilishe au iifute. Wakati huohuo kaka yako apige simu wodini mwenyewe. Kurudi kwa hiari kunasaidia kuliko kujificha kwa shangazi.