Kufunga jipsamu stoo huku kazi ya ofisi inaendelea

Dada mmoja wa Mwanza kaona picha za stoo yangu ya uani, ile niliyoigeuza ofisi, kaniuliza: "Na kazi uliacha?" Sikuacha. Naandaa hesabu za kampuni nikiwa nyumbani, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na kuta zote za jipsamu humo ndani nimezifunga mimi.

Ilianzaje? Fundi alichukua advansi, akasimamisha chaneli, zile fremu za chuma za kufungia bodi, vizuri tu, kisha simu ikawa haipatikani. Shemeji yangu akaja Jumapili, akazunguka pale, akasema ndiyo matokeo ya kumwachia mwanamke asimamie ujenzi. Anasema hivyo huku anakula pilau langu! Mpaka leo nikikumbuka natamani ningeirudisha ile sahani jikoni. Jumatatu yake nikashuka Kariakoo, nikanunua drili ya betri, kisu cha kukatia na pakiti za skrubu nyeusi.

Watu hawajui kwamba bodi ya jipsamu, ile jipsamu iliyobanwa katikati ya karatasi mbili, inakatwa kimya kimya. Unaweka rula, unachana karatasi ya mbele kwa kisu, unaikunja bodi kwa nyuma inavunjika palepale, unamalizia karatasi ya upande wa pili. Nimekata bodi mkutano ukiendelea, maikrofoni nimezima. Yenye kelele ni drili, na hiyo isubiri wenzako waende kula. Skrubu iwe kila baada ya sentimita 30 hivi, kichwa kizame kidogo tu bila kuchana karatasi, maana karatasi ikichanika skrubu haishiki tena. Halafu chini acha upenyo wa sentimita moja, bodi isiguse sakafu. Inanyonya maji hiyo, hata ya kupigia deki.

Kinachokula siku ni puti, ule uji mzito wa kuziba viungio vya bodi. Na hapa sisi waajiriwa tuna bahati kuliko fundi, kwa sababu yeye akisubiri ikauke anapoteza hela, mimi ikikauka mshahara unaendelea kuingia. Puti iliyochanganywa tayari, ile ya ndoo, inataka kama saa 24 kukauka, na Dar wakati wa masika inazidi hapo. Kwa hiyo watoto wakishalala nabandika tepu kwenye viungio, napaka puti koti moja, yaani tabaka moja jembamba, naacha dirisha wazi, naenda kulala. Kesho yake mchana kutwa inakauka yenyewe mimi niko kwenye hesabu zangu. Usiku unaofuata koti la pili, halafu la tatu. Ukipaka nene ili umalize leoleo, itasinyaa na kupasuka.

Kulainisha puti iliyokauka kwa msasa ndiko kulikoniletea maneno. Niliingia kwenye kikao cha video na vumbi jeupe kwenye nywele, bosi akauliza kama nimetoka mashine ya kusaga, wakacheka wote. Mimi sikucheka. Siku hizi nalainisha kwa sponji yenye maji iliyokamuliwa vizuri, vumbi haliruki, na kompyuta yangu inapona.

Wanawake wenzangu, na nyie kaka zangu, acheni kusema mnangoja likizo. Likizo ikifika kuna harusi, kuna msiba, kuna ada za shule, na stoo iko vilevile imejaa ndoo mbovu. Sote tunataka chumba cha kufanyia kazi bila mtoto kupita nyuma ya kamera na kikombe cha uji. Basi tumia usiku ulio nao. Koti moja, ulale. Usimngoje fundi, usimngoje shemeji. Nasema tena, koti moja, ulale.

Dari bado. Bodi ya mita 1.2 kwa 2.4 kuinyanyua juu ya kichwa peke yako ni kutafuta kuvunjika shingo, kwa hiyo hiyo nimewapa vijana wawili wa mtaani. Wanaanza Jumamosi. Hela wataiona kazi ikiisha.